Mwulize mwanao anakula na nani

Natumaini chai ingali moto na watoto hawajakunyang'anya ukurasa huu. Kama wamekunyang'anya, waachie wasome, kwani maneno ya leo yanawahusu wao zaidi kuliko wewe na mimi.

Barua iliyonifanya niandike haya imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Kayole, hapa Nairobi. Mwanawe wa kiume yuko katika shule ya upili ya bweni, mbali na mji. Mama anasema hivi: "Mwanangu alikuwa mtoto wa kusikia. Tangu aende bweni nimeitwa shuleni mara mbili. Mara ya kwanza aliruka ua usiku pamoja na wenzake. Mara ya pili alikataa kumfungulia kiranja sanduku lake, wakapigana. Nikimwuliza, hutazama chini. Mwalimu ananiambia ni marafiki wabaya. Lakini mwandishi, mtoto huyu tangu utotoni hakuwahi kuwa na marafiki. Hao wabaya kawapata wapi?"

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu. Mama huyu ameuliza swali na kulijibu papo hapo bila kujua. Nilitaka kumwandikia mistari michache tu na kuifunga bahasha, lakini nimeona afadhali nimjibu hapa, na wazazi wengine wasikie, maana jambo hili nalijua. Sikulisoma chuoni nilikosomea uandishi. Nililiishi miaka minne, na nilimkosea mtu.

Meza ya mlangoni

Mwaka wa 2005 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya wavulana, mwendo wa saa nne hivi kwa basi kutoka Nairobi. Sitaitaja, kwani haikuwa mbaya kuliko nyingine. Nilikuwa mtoto wa Eastlands, ambako mtu hujua Sheng kabla ya kujua kuvaa viatu. Baba aliamua kwamba shule ya mashambani itaniepusha na vishawishi vya mji. Wazazi wengi wa mjini husema hivyo hadi leo.

Siku ya kwanza nilifungua kinywa kuuliza maji ya kunywa yako wapi, bweni zima likaangua kicheko. Wengi wao walizungumza lugha ya kwao, ambayo mimi sikujua hata salamu yake. Kabla ya kengele ya kulala nilikwisha bandikwa jina: Nai. Ajabu ni kwamba walidhani kila mtu wa Nairobi ni tajiri. Wakubwa walinijia usiku wakitaka sabuni, sukari na Blue Band. Nilipowaambia kwamba kwetu tulikuwa watu sita katika chumba kimoja, walisema mimi ni mchoyo na mwongo. Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe. Nilipewa ndoo za watu wanne niwachotee maji kila alfajiri.

Wiki tatu baadaye akaletwa mgeni mwingine. Alikuwa amecheleweshwa na karo. Sisi sote tulikuwa na masanduku ya bati yenye kufuli, lakini yeye alikuja na katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Hata hajaonyeshwa kitanda, bweni lilikwisha kumpa jina: Katoni. Sitamtaja kwa jina lake halisi. Hilo ndilo alilolibeba shule nzima, nami nalitumia leo nikimwomba radhi.

Kitanda chake kilikuwa jirani na changu. Kwa kuwa katoni haina kufuli, sukari yake na kalamu zake zilikaa katika sanduku langu. Yeye naye alinifundisha kuoga maji baridi ya asubuhi bila kupiga mayowe: unaanza na miguu, unapanda polepole, kichwa unakiacha mwisho. Katika bwalo la chakula tulikaa meza iliyo karibu na mlango, ile inayoingiwa na vumbi na upepo, ambayo ilikuwa meza ya kila asiye na meza. Siku za githeri yeye alinipa maharagwe yake nami nikampa mahindi yangu, kwani kila mmoja alikipenda kile ambacho mwenzake hakukitaka.

Siku ya wazazi kututembelea, mama alikuja na chapati na kuku katika sufuria iliyofungwa kwa leso. Katoni hakuwa na mgeni. Mama alimwita, akamketisha kwenye nyasi pamoja nasi, akawa anamwita "mwanangu" kama anavyoniita mimi. Siku hiyo Katoni alikula chapati tano. Nazikumbuka kwa sababu nilizihesabu, nikiogopa zisije zikaisha.

Nauli inapanda

Tulipoingia kidato cha pili, mambo yalibadilika. Palikuwa na kikundi cha wavulana watano waliokaa nyuma darasani. Walijua tundu lililoko kwenye ua. Walinunua mandazi nje na kuyauza bwenini kwa bei maradufu. Viranja waliwapita kwa mbali. Usiku mmoja umeme ulipopotea, mmoja wao alisema, "Nai, wewe umeona sinema nyingi. Tupigie moja." Naam, kwetu Eastlands vibanda vya video vilikuwa kila kona. Niliwasimulia sinema moja kwa muda wa saa nzima, na mahali nilipoisahau nikaitungia mwisho wangu mwenyewe. Bweni lilikuwa kimya kama kanisa.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana, nikiwa nimeshika sahani yangu, mmoja wa wale watano alisogea kwenye benchi akasema, "Nai, kaa hapa."

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuwa mgeni wa kuchekwa mwaka mzima, huwezi kujua maneno hayo mawili yalivyo matamu. Hakuna aliyeniambia nimwache Katoni. Hakuna aliyenikataza. Ila benchi ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, nami nikaketi.

Mkono mtupu haulambwi. Wiki ya kwanza niliombwa niwabebee mandazi kutoka uani hadi bwenini. Wiki ya tatu niliombwa niruke ua mimi mwenyewe. Muhula haujaisha nikawa namjibu mwalimu wa zamu kwa ufidhuli ili wa nyuma wacheke. Nilichapwa, ingawa viboko vilikuwa vimepigwa marufuku shuleni tangu mwaka wa 2001, na kila kiboko kilinipa heshima zaidi katika ile benchi.

Hapa ndipo nataka wazazi wanisikilize vyema. Wakati huo sikuichukia shule. Sikumchukia mwalimu, wala sikuwa nawakomoa wazazi wangu. Nilikuwa nalipa nauli. Wewe mzazi ukiitwa na mwalimu mkuu huona uasi, nawe hujiuliza umemkosea nini mtoto. Mara nyingi mtoto hana ugomvi nawe. Amepata kiti katika gari moja baada ya kusimama kituoni muda mrefu, na kama matatu za jioni mvua ikinyesha, nauli inapanda bila taarifa. Anaogopa akikataa kulipa atashushwa, na anakumbuka baridi ya kituoni.

Na Katoni je? Alibaki kwenye meza ya mlangoni. Mwanzoni nilimsalimu nikipita. Baadaye nikawa natikisa kichwa tu. Mwisho wa mwaka nilipompita nilijifanya natafuta kitu mfukoni. Kalamu zake alikuwa amezitoa katika sanduku langu bila kusema neno.

Mama alipokuja tena, tukiwa kidato cha tatu, alifungua sufuria akatazama huku na huku. "Yule rafiki yako yuko wapi?" akauliza. Nikamjibu kwamba amepata mgeni wake. Mama alitikisa kichwa akapakua chakula. Alikuwa ameuliza swali lililofaa kuulizwa, na mimi nikamdanganya. Hadi leo hutamani angeinuka akamtafute.

Julai 2008

Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka muhula wa pili wa mwaka wa 2008. Nchi ilikuwa haijapoa tangu ghasia za baada ya uchaguzi, nazo shule zikaanza kuwaka. Zaidi ya shule 300 zilikumbwa na migomo na fujo mwaka huo. Kila jioni redio ilitaja shule nyingine. Sisi tulikuwa kidato cha nne, mtihani wa majaribio ukikaribia, na kuna waliosema waziwazi kwamba ni aibu shule yetu kuachwa nyuma.

Nikasikia kwamba wavulana fulani wanachangisha shilingi kumi kumi. Hawakuwa wa benchi yetu. Siku moja nikatazama meza yao nikamwona Katoni ameketi katikati, anacheka. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye amepata wenzake. Ukweli ni kwamba nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe, maana tangu siku hiyo ningeweza kuipita meza ya mlangoni bila kupekua mfuko.

Usiku wa Alhamisi moja ghala la madawati mabovu na magodoro ya zamani liliteketea. Mungu aliepusha, hakuna aliyeumia. Asubuhi tulitimuliwa sote. Tuliporudi na wazazi, kila familia ilitozwa gharama, na wavulana watano wakasomewa majina. Katoni alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyenunua mafuta taa. Alitumwa yeye kwa sababu alikuwa wa mwisho kuingia katika kikundi kile, na wa mwisho kuingia ndiye abebaye. Mimi nilibebeshwa mandazi. Yeye alibebeshwa mafuta taa. Tofauti yetu ilikuwa benchi ipi ilimsogezea nani nafasi.

Naibu wa mwalimu mkuu alituita mmoja mmoja. Aliniuliza, "Huyu mmelala vitanda jirani tangu kidato cha kwanza. Ni kijana wa namna gani?" Nikajibu, "Mwalimu, simjui sana."

Katoni alifukuzwa shule na mtihani wa mwaka ule hakuufanya. Wawili kati ya waliomtuma hawakutajwa na mtu yeyote. Tulifanya mtihani nao katika chumba kimoja.

Nilikutana naye tena mwaka wa 2019, katika karakana ya pikipiki upande wa mashariki wa mji, nilikokwenda kwa shughuli za gazeti. Alinitambua kwanza yeye. Aliosha mikono kwa mchanga na sabuni ya unga, tukaenda kunywa chai. Baada ya kuzungukazunguka nilimwuliza kwa nini alikubali kubeba yale mafuta. Hakukasirika. Alisema, "Nai, hakuna aliyenilazimisha. Walinisogezea benchi. Wewe ulikuwa umeshahama." Kisha akaniuliza mama hajambo, na kama bado anapika zile chapati. Chai alilipa yeye.

Nchi ilijifunza nini?

Usidhani haya ni mambo ya watoto tu. Mwezi Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa wamelala katika vyumba vyao, wakafa. Mwezi Machi 2001 bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa usiku na wavulana 67 wakaangamia. Septemba 2017 moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, uliua wasichana 10.

Sisemi mikasa hiyo ilisababishwa na upweke. Zilikuwapo chuki dhidi ya viranja na uongozi, mashaka ya mitihani, na pale Kyanguli, mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma vilizidisha maafa. Ninalosema ni kwamba mpango mbaya wa shuleni mara nyingi huhitaji wa kupanga na wa kubeba. Wa kubeba hutafutwa miongoni mwa wale walio peke yao, kwa sababu hao ndio rahisi kupata. Ukiwaambia "kaa hapa," wameshakuja.

Serikali haikukaa bure. Mwaka wa 2001 kamati iliyoongozwa na Bi. Naomi Wangai ilichunguza utovu wa nidhamu shuleni, na moja ya mambo iliyosisitiza ni kuimarishwa kwa ushauri nasaha. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Tangu mwaka wa 2009 yakaanza kuundwa mabaraza ya wanafunzi, ambayo viongozi wake huchaguliwa na wanafunzi wenyewe badala ya kuteuliwa na walimu. Hayo yote ni mema, na shule ambayo haijayatimiza yafaa iulizwe. Lakini kati ya kitanda changu na cha Katoni hapakuwa na nafasi ya kupita mtu, na bado mimi sikujua yanayomsibu.

Siku hizi mfumo wenyewe umebadilika. Tangu Januari 2026 anayeingia shule ya upili huitwa mwanafunzi wa gredi ya 10, wala si wa kidato cha kwanza. Sare ni zilezile, ua ni uleule, na saa ya chakula cha mchana mtoto mgeni bado husimama na sahani mkononi akitafuta pa kukaa.

Kwa wazazi

Sasa nikujibu, mama wa Kayole. Usianzie kwenye ua alioruka. Anzia nyuma ya hapo. Mwulize mwalimu wa darasa mwanao alikuwa akikaa na nani kabla ya kuingia katika kikundi hicho. Kama jibu ni "peke yake," basi umeshajua hao rafiki wabaya kawapata wapi. Wao ndio waliomwita wakati hakuna mwingine aliyemwita.

Ukienda siku ya wazazi, usianze kwa kuuliza amekuwa nambari ngapi. Najua karo ni nzito na unataka kujua pesa zako zimefanya nini, lakini swali hilo liweke la mwisho. Mwulize kwanza: unakula na nani? Kitanda cha jirani analala nani? Ukishikwa na homa usiku utamwamsha nani? Akijibu kwa majina, yaandike moyoni. Akikawia kujibu, usiridhike na jibu kama lile nililompa mama yangu. Inuka, mwambie, "Twende tukamsalimu."

Usikurupuke kumkataza marafiki. Kumwamuru aachane na kundi lake bila kumsaidia kupata mahali pengine ni kumshusha garini usiku katikati ya barabara. Atapanda gari la kwanza litakalopita. Badala yake, wajue hao vijana. Wakati wa likizo mwambie amlete mmoja nyumbani, mle naye ugali. Huenda ukakuta naye ni mtoto wa watu aliyekuwa anatafuta kiti kama mwanao. Na akiwa kweli ni wa kuogopwa, utakuwa umemwona kwa macho.

Lakini ukisikia kwamba mwanao anapigwa, anaporwa au anadhulumiwa kwa namna nyingine, hapo usingoje siku ya wazazi. Nenda kwa mwalimu mkuu. Usiposikilizwa, piga simu nambari 116, ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi malipo. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.

Nanyi walimu wa zamu, mnaosimama bwaloni kila siku kuhakikisha kuna utulivu: itazameni meza ya mlangoni. Nyinyi mnaiona kila siku. Sisi wazazi tunaruhusiwa mara moja kwa muhula.

Kwa wadogo zangu

Wadogo zangu mnaosoma ukurasa huu, baadhi yenu mmo katika meza hiyo sasa hivi. Labda ni lafudhi yako, labda ni karo, labda ni mwili wako, dini yako, au ni kwamba hupendi mpira. Nisikilize. Huhitaji watu ishirini. Wahitaji mmoja, na pengine ameketi hatua mbili kutoka kwako naye anadhani wewe ndiwe humtaki. Kama huwezi kuanza maneno, jiunge na chama chenye kazi ya mikono: michezo ya kuigiza, skauti, kwaya, gazeti la shule. Penye kazi maneno huja yenyewe. Ukishika upande mmoja wa pazia la jukwaani, lazima mtazungumza na aliyeshika upande wa pili.

Ukipata benchi, nauli ya kwanza itakuwa ndogo. Ndivyo ilivyo daima. Ukitaka kujua kama ni urafiki, kataa jambo moja dogo, kisha kesho yake uone kama nafasi yako bado ipo. Ikiwapo, hao ni rafiki zako, kaa nao. Isipokuwapo, umeokoka kwa bei nafuu.

Wala sisemi mwinamishe vichwa kwa kila jambo. Chakula kikiwa kibovu, semeni. Kiranja akiwatesa wadogo, semeni, na baraza lenu la wanafunzi lifanye kazi liliyochaguliwa kufanya. Kupinga si dhambi. Ila jambo ambalo hamwezi kulisema mchana mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wenu, msilifanye usiku, na mkisikia wengine wanalipanga, mwambieni mtu mzima mnayemwamini kabla giza halijaingia. Huko si kusaliti. Mimi nilisikia habari za shilingi kumi kumi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukumsaidia Katoni hata kidogo. Laiti ningesema mapema, angefukuzwa kwa siku chache kwa kosa la kuchanga pesa, kisha angerudi akafanya mtihani.

Na wewe ambaye una meza, una wenzako, hujui baridi ya mlangoni: Jumatatu saa ya chakula, ukimwona mtu amesimama na sahani, sogea kidogo. Haitakugharimu chochote, na usimdai chochote.

Mama wa Kayole, siku ya kutembelea ikifika pika chapati zaidi ya zile mnazoweza kumaliza nyinyi wawili. Kisha niandikie unieleze alizila nani.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.